Kichujio cha barua taka kikibadilishwa, mwenye mzigo aambiwe

Mzigo ukikwama mpakani, mwenye mzigo huambiwa. Atatajiwa hati iliyokosekana, ataonyeshwa dirisha la kwenda kulipia, na hata akikasirika atajua anakasirikia nini. Barua pepe ikikwama, hakuna anayeambiwa. Aliyeituma anaona imekwenda. Aliyetumiwa anaona hajaletewa kitu. Katikati yao kuna kichujio cha barua taka, au spamu kama wengi wanavyoziita. Kimeamua kwamba profoma ya mabati inafanana na matangazo ya bahati nasibu, kikaitupa kwenye folda ambayo mwenyewe haifungui hata mara moja kwa wiki.

Mnunuzi wa Kigali anayesubiri bei kutoka Dar es Salaam huona muuzaji amemdharau, akaagiza kwingine. Muuzaji naye huona mteja hakuwa na fedha. Biashara imekufa bila ugomvi, na hakuna hata mmoja wao anayejua imeuawa na nini. Wakati mwingine hasara huja waziwazi zaidi: wakala wa forodha ametuma tamko la mzigo ili mwenye mali alithibitishe, jibu halirudi, na kontena linaendelea kukaa bandarini huku tozo ya uhifadhi ikihesabiwa kwa siku.

Kuwapo kwa vichujio si kosa, na kuvikaza si kosa. Kosa ni kubadili kanuni za kupokea barua bila habari kumfikia mtu ambaye mabadiliko hayo yatamgharimu. Katika ukanda huu habari hizo hukatikia mahali pamoja: kwa kampuni inayomuuzia mfanyabiashara tovuti na anwani ya barua pepe, inayopokea ada yake kila mwaka, kisha ikanyamaza.

Mabadiliko yenyewe yana tarehe. Oktoba 3, 2023, Google na Yahoo zilitangaza masharti mapya kwa watumaji, yaanze kutumika Februari 2024. Kwa upande wa Google, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail alitakiwa kuthibitisha utambulisho wake kwa njia tatu zinazojulikana kwa vifupisho vya SPF, DKIM na DMARC. Alitakiwa pia kumpa mpokeaji wa matangazo nafasi ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na kuhakikisha barua zake zinazolalamikiwa kuwa taka hazifiki asilimia 0.3, yaani barua 3 katika kila 1,000. Microsoft ilifuata njia hiyo hiyo. Kuanzia Mei 5, 2025, ilianza kuwabana watumaji wakubwa wanaoandikia anwani za Outlook, Hotmail na Live.

Mwenye duka akisikia hesabu ya barua 5,000 hupumua. Yeye hutuma 20 kwa siku, pengine 50 msimu wa sikukuu. Lakini tangazo la Google lilikuwa na sehemu ya pili ambayo haikutajwa sana: kila mtumaji anayeandikia Gmail, mkubwa kwa mdogo, lazima awe na angalau SPF au DKIM, na seva inayobeba barua zake iwe imesajiliwa ipasavyo. Sehemu hiyo ndiyo inayomgusa mwenye duka la vipuri Kikuubo na mwenye ghala la mchele Kahama.

Maneno hayo matatu yanatisha kwa sababu ya herufi zake tu. Mtu wa mpakani anayajua mambo yake tangu zamani. SPF ni orodha ya mawakala walioruhusiwa kufanya kazi kwa jina la mwenye mzigo. Asiye kwenye orodha akijitokeza dirishani, anarudishwa. DKIM ni ile sili inayofungwa kwenye lori Mombasa na kukaguliwa Malaba. Ikikutwa imevunjwa, mzigo hauaminiki tena. DMARC ni maagizo ya mwenye mzigo kwa askari wa getini: ukiona lori langu halina sili na dereva hayumo kwenye orodha, mpitishe, mweke kando au mfukuze. Mambo yote matatu huandikwa mara moja katika kumbukumbu za kikoa, yaani jina la tovuti linaloishia na .tz, .ke, .ug, .rw, .bi, .cd au .com. Fundi anayejua kazi yake huyamaliza ndani ya mchana mmoja.

Masharti hayo yalikuwa na sababu nzuri. Barua taka ni za zamani kuliko intaneti ya leo. Mwaka 1978 afisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Marekani, Gary Thuerk, aliwatumia watu wapatao 400 tangazo moja la mashine zake kwenye mtandao wa ARPANET, wakakasirika. Leo Google inasema Gmail huzuia karibu barua bilioni 15 zisizotakiwa kila siku. Bila kichujio, sanduku la mfanyabiashara lingejaa kabla hajanywa chai ya asubuhi.

Na si matangazo tu. Kuna wizi unaowahusu moja kwa moja wanaoagiza bidhaa nje: mwizi huandika barua inayofanana kabisa na ya muuzaji, akimweleza mnunuzi kwamba akaunti ya benki imebadilika na malipo yaende kwingine. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya wizi wa aina hiyo mwaka 2023 yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9. Mtu aliyetuma dola 15,000 Guangzhou kwenye akaunti isiyo ya kiwanda hawezi kumlaumu anayetaka kila mtumaji ajitambulishe. Lori lisilo na sili likaguliwe.

Tatizo linaanza pale sheria nzuri inapomwangukia asiyekuwa na habari. Limewahi kutokea. Aprili 2014 Yahoo iliamua ghafla kuziagiza seva za dunia nzima kukataa barua yoyote yenye anwani ya Yahoo ambayo haikutoka kwenye mitambo ya Yahoo yenyewe. Nia ilikuwa kuwazima matapeli. Lakini vyama, vikundi na biashara ndogo zilizokuwa zikituma barua kwa anwani ya Yahoo kupitia huduma nyingine zilijikuta zimefungiwa nje siku moja. AOL ikafanya vivyo hivyo mwezi huo huo. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia, na nyasi hapa walikuwa wateja waliokuwa hawajawahi kumtumia mtu barua taka hata moja.

Mwaka 2023 kampuni hizo zilifanya vizuri zaidi. Kutoka tangazo la Oktoba hadi utekelezaji wa Februari ilikuwa miezi minne. Kwa hiyo hoja kwamba kanuni za vichujio haziwezi kutangazwa mapema kwa kuwa matapeli watajiandaa haina nguvu hapa. Namna kichujio kinavyopima maneno ya barua inaweza kubaki siri. Sharti la kujitambulisha si siri, lilitangazwa, na halikumfaidi tapeli.

Ila tangazo lilitolewa kwa Kiingereza, katika kurasa zinazosomwa na mafundi wa mitandao. Mwenye ghala la nafaka Tunduma hakutarajiwa kuzisoma, kama ambavyo hatarajiwi kusoma vitabu vya ufundi vya kiwanda kilichotengeneza lori lake. Aliyetarajiwa kuzisoma ni yule anayelipwa kwa kazi hiyo, yaani kampuni iliyomuuzia kikoa na barua pepe. Hiyo ndiyo yenye mafundi. Hiyo ndiyo yenye funguo za kumbukumbu za kikoa. Na hiyo ndiyo inayokumbuka vizuri sana kumwandikia mteja siku ada ya mwaka inapokaribia kuisha. Kama inaweza kumkumbusha malipo mara tatu ndani ya mwezi, haiwezi kudai kwamba haikuwa na njia ya kumwambia barua zake zinakaribia kukataliwa.

Ukimya huo una sura nyingine. Huduma nyingi za bei nafuu huwaweka wateja wengi kwenye seva moja, wenye anwani moja ya mtandao. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mteja mmoja akinunua orodha ya anwani na kumwaga matangazo, au tovuti yake ikidukuliwa na wezi wakaitumia, seva nzima huweza kuingia kwenye orodha za kuzuiwa kama zile za Spamhaus, taasisi iliyoanza mwaka 1998, ambazo seva nyingi duniani huziangalia kabla ya kupokea barua. Majirani wote wa seva hiyo huadhibiwa pamoja. Mwenye duka hajui majirani zake ni akina nani, hakuwachagua, na hana uwezo wa kuwafukuza. Mwenye uwezo huo ni mwenye seva peke yake.

Kuna mtego mwingine unaowanasa walio waangalifu. Mtu anamiliki anwani nzuri yenye jina la kampuni yake, lakini kwa kuwa amezoea simu yake, anaagiza barua zote zielekezwe kwenye Gmail yake binafsi. Barua ikielekezwa hivyo, Gmail huiona inatoka kwenye seva ambayo haimo katika orodha ya mtumaji wa kwanza. SPF inashindwa, na kama DKIM haikuwekwa, barua halali kabisa inaweza kuonekana ya kughushi. Mteja atailaumu Gmail, na mtumaji atalaumiwa na mteja. Aliyeweka mpangilio huo bila kuwaeleza hatari yake halaumiwi na yeyote.

Jambo moja linastahili kusemwa kwa sauti kuhusu tofauti ya kukataa na kuficha. Barua ikikataliwa, mtumaji hurudishiwa ujumbe. Gmail, kwa mfano, ikikataa barua isiyothibitishwa hurudisha jibu lenye namba 550 5.7.26. Jibu hilo ni gumu kulisoma, lakini ni jibu: fundi akilionyeshwa anajua pa kuanzia, na mwenye barua anapiga simu siku hiyo hiyo. Barua ikifichwa kwenye folda ya taka, hakuna jibu lolote, na kwenye Gmail hufutwa yenyewe baada ya siku 30. Kwa biashara, kukataliwa hadharani kuna nafuu kuliko kufichwa kimyakimya. Waendeshaji wa vichujio wanapokaza kanuni za utambulisho, wachague kukataa kwa maelezo kila inapowezekana. Dereva aliyerudishwa Rusumo na karatasi yenye sababu atarekebisha na kurudi. Dereva aliyeelekezwa kwenye uwanja usio na jina, asiambiwe kitu, atakaa hapo hadi ndizi zioze.

Wapo watakaosema barua pepe imepitwa na wakati na WhatsApp inatosha. Kwa kupatana bei, inatosha kweli. Lakini benki inayofungua barua ya dhamana ya malipo, kampuni ya meli, bima na mifumo ya forodha bado huomba anwani ya barua pepe na kutuma huko taarifa zenye uzito. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kutumika mwaka 2014, kodi hukamilishwa mzigo unapoingia kwenye Jumuiya, na hati hutangulia mzigo badala ya kuufuata. Kadiri karatasi zinavyopungua mpakani, ndivyo barua isiyofika inavyokuwa na madhara makubwa zaidi. Isitoshe, WhatsApp nayo hufungia namba za watu, na mazungumzo yaliyokuwa kwenye simu iliyoibiwa bila kuhifadhiwa kwingine huenda nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na barua pepe bado ni daftari.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi.

Kwanza, kampuni zinazouza vikoa na barua pepe ziweke SPF, DKIM na DMARC siku ya kwanza mteja anapolipia, bila kungoja aombe na bila kumtoza fedha ya ziada. Anayeuza gari haliuzi bila breki kisha akamwambia mnunuzi breki zina bei yake. Kanuni za wapokeaji wakubwa zinapobadilika, mteja aandikiwe siku 60 kabla, kwa Kiswahili, kwa lugha ya duka: kitakachobadilika, lini, kampuni itafanya nini, na yeye afanye nini. Na seva ikiingia kwenye orodha ya kuzuiwa, wateja wote waliomo waambiwe siku hiyo hiyo, hata kama habari hiyo inaitia kampuni aibu.

Pili, wasimamizi wa mawasiliano, kama TCRA ya Tanzania, CA ya Kenya, UCC ya Uganda na RURA ya Rwanda, wanakutana tayari katika shirika la mawasiliano la Afrika Mashariki, EACO, lenye makao Kigali. Viwango vya huduma vinavyowabana watoa huduma za simu vinajulikana. Barua pepe ya biashara imebaki nje, kana kwamba ni mchezo wa watoto. Sharti la taarifa ya siku 60 likikubaliwa kwa pamoja litamlinda mteja wa Bujumbura anayenunua huduma Nairobi sawa na yule aliyenunua mtaani kwake. Kama nchi za Ukanda wa Kaskazini ziliweza kuanza kukubaliana kuhusu gharama za simu za kuvuka mipaka mwaka 2014, taarifa kwa mteja si mlima mrefu kuliko huo.

Tatu, ofisi za serikali zinazomwandikia mfanyabiashara, kuanzia mamlaka za mapato na viwango hadi mamlaka za bandari, zijipime zenyewe. Ofisi inayotoa faini kwa kuchelewa kujibu barua lazima kwanza iwe na hakika kwamba barua yake inaweza kufika. Palipo na muda wa mwisho wenye adhabu, barua pepe ifuatwe na ujumbe mfupi wa simu.

Mfanyabiashara naye ana sehemu yake, na haihitaji shahada ya kompyuta. Folda ya taka ifunguliwe kila asubuhi, kabla ya hesabu za jana. Barua halali iliyokutwa humo iwekewe alama kwamba si taka, kwa sababu kichujio hujifunza kutokana na alama hizo. Profoma, hati ya mzigo na tamko la forodha visitumwe bila kufuatiwa na simu fupi: nimetuma, umeiona? Orodha za anwani zinazouzwa mitaani zisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, maana anayezitumia huchafua jina lake na la majirani zake. Na siku ya kulipia kikoa, swali moja liulizwe kabla ya fedha kutoka: SPF, DKIM na DMARC za jina langu zimewekwa? Anayeuza akijikanyaga kujibu, maduka ni mengi.

Tahadhari moja isisahaulike katika hasira zote hizi. Mteja aliyechoshwa na kichujio hushawishika kukizima, au kuruhusu kila barua ipite. Huko ni kubomoa ukuta kwa sababu mlango umekwama. Barua inayosema akaunti ya benki imebadilika ihakikishwe kwa simu, kwa namba iliyokuwapo tangu zamani na si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo, hata kama imepita vichujio vyote.

Masharti ya mwaka 2024 hayatakuwa ya mwisho. Wezi watabadili mbinu, na vichujio vitabadilika kuwafuata. Wafanyabiashara hawaombi mabadiliko hayo yasimame, na hawaombi barua zao zipite bila kukaguliwa. Wanaomba kile wanachopata hata kwenye kituo chenye foleni ndefu kuliko vyote: kuambiwa mapema hati gani inahitajika, na kuambiwa kwa nini mzigo umezuiwa. Kampuni inayochukua ada ya mwaka na kushindwa kumpa mteja wake hayo mawili haijamuuzia barua pepe. Imemuuzia jina tu.